Natafuta santuri ya muziki wa filamu ya Hatari! (1962), ile ya mbio za kifaru kama ilivyo kwenye filamu yenyewe

#1 Mwana_Momella
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye masikio na wenye makabati ya santuri.

Hatari! wengi mnaijua. John Wayne, Elsa Martinelli na Hardy Krüger wanakamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za Ulaya na Marekani, magari yanakimbizana na vifaru na twiga, vumbi mpaka machoni. Mwongozaji Howard Hawks alipiga picha zake huku kwetu, Momella chini ya Mlima Meru, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi 1961, Tanganyika bado haijapata Uhuru. Ikaanza kuonyeshwa 1962. Muziki ni wa Henry Mancini.

Baba yangu alikuwa na santuri ya filamu hii, ikapotea familia ilipohama. Mwaka huu nimemtafutia ile ya kampuni ya RCA Victor inayopatikana mitandaoni. Kaisikiliza pande zote mbili, akaitoa kwenye mashine na kuniambia, "Hii siyo." Anasema yake ilikuwa na zile ngoma za mwanzo kifaru anapokimbizwa, vilevile zinavyosikika sinema, halafu sauti za akina mama wakiimba.

Nimeirudia filamu huku santuri inazunguka pembeni. Mzee hajakosea kuhusu tofauti. Kasi haifanani, urefu haufanani, na kuna vipande vya filamu ambavyo kwenye santuri havimo kabisa. Ninavyoamini mimi, kuna santuri ya pili iliyotoka kidogo, ikaisha na haikurudiwa. Mwenye nayo, au mwenye ushahidi kwamba haijawahi kuwepo, karibu. Nawasilisha.

#2 Kipanga_wa_Tanga
Siti ya mbele nimeshakaa. Waje wajuvi.

#3 Mtaka_cha_Uvunguni
Si umpeleke mzee YouTube tu mkuu? Kila kitu kipo huko.

#4 Sindano_ya_Almasi
Uvunguni, YouTube iko hiyohiyo ya RCA ambayo mzee ameikataa.

Mwana_Momella, baba yako masikio yake ni mazima. Santuri ya RCA (LPM-2559 ni ya mono, LSP-2559 ni ya stirio) haikutokana na mikanda ya filamu. Mancini alikuwa na desturi yake: akimaliza kurekodi muziki wa filamu, anaingia studio upya na wanamuziki kurekodi kwa ajili ya santuri. Anachagua vipande vyenye melodia, anavipanga upya viwe nyimbo kamili za kusikilizwa sebuleni, na muziki wa vitisho na mbio anaupunguza au anauacha. Alifanya hivyo kwa Peter Gunn ya televisheni, akafanya kwa Breakfast at Tiffany's, na Hatari! ikafuata njia ileile. Kwa hiyo ulichonunua ni kazi ya Mancini mwenyewe, ila ni rekodi nyingine.

Rekodi ya filamu ilikaa Paramount miaka 50. Mwaka 2012 ndipo Intrada, kampuni ndogo ya California inayofukua muziki wa filamu za zamani, ikaitoa. Na iliitoa kwenye CD. Sasa kama mzee alikuwa nayo kwenye santuri miaka ya sitini, hapo pana kitendawili cha kweli, kwa sababu wakati huo ilikuwa haijatoka popote.

#5 Mwana_Momella
Sindano, shukrani. Hiyo CD ya 2012 sikuijua kabisa, nimeanza kuisaka leo hii.

Naongeza jambo ambalo huenda likasaidia. Mama naye anaikumbuka hiyo santuri, na anasisitiza ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa kisahani cha chai. Haikuwa LP, ile santuri kubwa.

#6 Binti_Kisauni
Salama jamani. Mimi kwetu ni Mombasa na tumelelewa na filamu za Kihindi, kwa hivyo hii habari ya santuri kutofanana na sinema si ngeni kwangu hata kidogo. Sahani za zamani za kasi ya 78 zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Wimbo wa filamu ukiwa mrefu, beti linakatwa ndipo utoshe. Marehemu shangazi yangu alikuwa akiimba mabeti ambayo kwenye sahani hayamo, na watu wakimwambia anatunga. Alikuwa ameyasikia ndani ya ukumbi wa sinema, akarudi kuangalia filamu tena na tena mpaka akayashika. Wakati ule hakukuwa na njia nyingine ya kuyapata.

Basi nadhani hata hiyo Hatari! ni mambo ya nafasi. Santuri haikuweza kubeba muziki wote.

#7 Sindano_ya_Almasi
Bi Kisauni, kwa sahani za 78 umesema kweli tupu. Lakini Hatari! ni LP ya kasi ya 33, upande mmoja unabeba dakika ishirini na zaidi bila shida. Na ndani yake kipande kimoja tu, "The Sounds of Hatari", kinakaribia dakika saba za ngoma na upepo. Angekuwa anabana nafasi, hicho ndicho angekata kwanza. Sababu iko kwingine.

#8 Wakili_wa_Mtaa
Sababu ni pesa na mikataba. Nieleze kidogo maana watu hupenda kuziita hizi "siri za wasanii".

Mancini alikuwa msanii wa RCA. Santuri yake ya Peter Gunn ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka katika tuzo za kwanza kabisa, 1959, kwa hiyo RCA walimshika kwa mikono miwili. Filamu, kwa upande wake, ilikuwa mali ya Paramount, na Paramount walikuwa na kampuni yao ya santuri, Dot Records, waliyoinunua 1957. Hapo una wenye mali wawili. Mikanda iko kwa mmoja, msanii yuko kwa mwingine. Njia rahisi ni msanii kuingia studio ya RCA na kurekodi upya. RCA wanapata santuri yao, Mancini anapata mrabaha wake kama msanii, na Paramount wanaendelea kula upande wa hakimiliki ya utunzi kupitia Famous Music, ambayo nayo ilikuwa yao.

Ongeza chama cha wanamuziki wa Marekani. Rekodi iliyofanywa kwa ajili ya filamu ukitaka kuiuza kama santuri, wapigaji wote walilipwa tena. Okestra ya filamu ni kubwa. Kurekodi upya na kundi dogo mara nyingi kulikuwa nafuu.

#9 Kinanda_Kizee
Wakili umeeleza vizuri ila unamfanya Mancini aonekane kama mtu aliyefungwa kamba. Mimi naamini aliamua mwenyewe. Alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1989, na humo anazungumzia jinsi santuri zake, kwa kubeba nyimbo nyororo na kuacha muziki mzito wa filamu, zilivyomfanya aonekane mtunzi wa muziki wa vichekesho na wa taharuki nyepesi tu, na haikuwa rahisi kuwatoa watu kwenye dhana hiyo. Huyo ni mtu anayetazama nyuma uamuzi wake wa kisanaa. Alitaka santuri ipendwe na watu ambao hata filamu hawajaiona, akafanikiwa mno. Baby Elephant Walk ilimpa Grammy ya upangaji wa muziki. Leo kuna watoto wanaujua ule wimbo bila kujua kama kuna filamu.

Mimi mwenyewe naipenda LP ya RCA kuliko muziki wa kwenye filamu. Nasema wazi.

#10 Wakili_wa_Mtaa
Kinanda, uamuzi wa kisanaa unaokwenda sambamba na mkataba kila mara ni uamuzi wa mkataba.

#11 Zeze_la_Ugogo
Naona watu wanahesabu pesa tu, muziki wenyewe umeachwa. Hawks aliporudi kutoka huku alimpelekea Mancini ala alizozikusanya: marimba ya kuchezwa kwa vidole gumba, manyanga ya vibuyu, na maganda makubwa ya mbegu yanayolia ukiyatikisa. Mancini akavitumia. Kwa mtu wa Dodoma hiyo marimba ya vidole ni kitu cha nyumbani, sisi tuna ilimba, na aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose akiipiga anajua ilivyo na sauti ndani ya sauti.

Sikilizeni "The Sounds of Hatari" kwa spika nzuri, msitumie simu. Mwanzo kuna utulivu, halafu mipigo inajengeka mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo sikilizeni Baby Elephant Walk: ile sauti ya juu inayochekesha ni kinanda cha umeme kinachoiga vile vinanda vya mvuke vya sarakasi, na juu yake klarineti ndogo. Mtu mmoja ametunga vyote viwili kwa filamu moja. Kwangu hilo ndilo la kuzungumza.

#12 Mtaka_cha_Uvunguni
Zeze akisikia chochote kinalia lazima kiwe kimetoka Dodoma 😀

#13 Zeze_la_Ugogo
Na mara nyingi kinakuwa kimetoka huko, ndugu yangu.

#14 Mzee_wa_Ngarenanyuki
Vijana, hamjambo. Nimesoma wote. Mimi ni mtu wa upande huu wa Meru na nilikuwa mtoto walipokuja watu wa picha. Baba mdogo alipata kibarua kwao cha kutunza mazizi. Wanyama walikuwa wengi, na wale waigizaji walikamata wenyewe mbele ya kamera, hawakuwekewa watu wa badala kwenye mbio. Hardy Krüger alipapenda hapa hata akanunua shamba Momella, akaishi na kujenga nyumba za wageni. Hiyo kila mtu huku anaijua.

Sasa kuhusu akina mama wanaoimba. Mwana_Momella, mwambie baba yako akumbuke sehemu ile Waarusha wanapokuja kumpa yule mwanamke mpiga picha jina la Mama Tembo, kwa kuwa amewalea ndama wa tembo. Wanamvika, wanampaka rangi, wanaimba na kucheza. Ile sauti ni ya watu. Mancini hakuitunga. Nadhani mzee wako ameunganisha ngoma za kifaru na kuimba kwa Mama Tembo, vyote vikawa santuri moja kichwani.

#15 Mwana_Momella
Shikamoo mzee. Nimemsomea. Anasema sehemu ya Mama Tembo anaijua na sauti hizo sizo. Anasema walikuwa wanawake watupu, wanaitikia, na nyuma yake ngoma.

#16 Kasuku_wa_Hamburg
Habari za huko nyumbani. Huku Ujerumani filamu hii inapendwa sana kwa ajili ya Krüger, na huonyeshwa kwenye televisheni imetafsiriwa kwa Kijerumani. Nataka kuongeza nadharia ambayo hakuna aliyeigusa.

Filamu ikitafsiriwa, studio inapewa mkanda wenye muziki na vishindo bila maneno, halafu waigizaji wa lugha nyingine wanaingiza sauti zao juu. Uwiano unabadilika. Kuna mahali kwenye nakala ya Kijerumani muziki unasikika mbele zaidi ya nakala ya Kiingereza ninayoimiliki, na mahali pengine umezama. Kama mzee aliiona filamu kwenye nakala fulani ya zamani, yenye mkanda wa sauti uliochakaa, na leo unamwonyesha nakala iliyosafishwa, masikio yake yatakataa hata pale ambapo muziki ni uleule.

#17 Kinanda_Kizee
Kasuku, hiyo inaeleza filamu dhidi ya filamu. Mzee analalamikia santuri dhidi ya santuri. Haijibu.

#18 Kasuku_wa_Hamburg
Inajibu nusu, Kinanda. Sisi tunasema "kama ilivyo kwenye filamu" kana kwamba filamu ni moja.

#19 Chaga_Stirio
Wakuu nimechelewa. Mimi nilisikia muziki wa kwanza wa Hatari! aliutunga Dimitri Tiomkin, ukakataliwa. Sasa je, santuri ya mzee haiwezi kuwa ni ule wa Tiomkin uliovuja?

#20 Sindano_ya_Almasi
Chaga, umeshika jina sahihi ila hadithi umeivuta mbele mno. Tiomkin alikuwa mtunzi wa Hawks tangu zamani, Red River ya 1948 na Rio Bravo ya 1959 ni zake. Hawks alisimulia kwamba alimwambia Tiomkin kwa filamu hii hataki vinanda vya nyuzi, anataka ala za Afrika. Tiomkin akakubali, kesho yake akamuuliza kama alikuwa anatania, na Hawks akamwondoa. Mambo yaliishia kwenye mazungumzo. Hakuna muziki wa kuvuja.

Aliyebaki ndani ya filamu ni Hoagy Carmichael. Wimbo "Just for Tonight" ni wake na Johnny Mercer, ndiyo maana utaona majina yao kwenye LP ya Mancini.

#21 Chaga_Stirio
Nimeelewa mkuu. Ahsante.

#22 Nairobi_Sahani
Wazee, mambo. Mimi hununua sahani Kenyatta Market na kwa watu wanaohama nyumba, na nimewahi kupitia maboksi mengi ya enzi hizo. Wacha niseme ninavyoona.

Kwanza, ile "ndogo kama kisahani" ya mama ni santuri ya kasi ya 45. Na ya Hatari! zipo. Mancini alikuwa na Baby Elephant Walk ya RCA, na Lawrence Welk, kiongozi wa bendi wa Marekani, alikuwa na yake ya Dot, 1962, hiyo Dot aliyoitaja Wakili. Kwa hivyo Paramount walipata santuri ya wimbo wao kwenye kampuni yao, ila kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini zote mbili hazina ngoma za kifaru wala akina mama.

Pili, na hapa ndipo penye uzito: huenda si Hatari!. Kuna Mogambo ya 1953, iliyopigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Ile haina muziki wa okestra kabisa. Ngoma na nyimbo za watu wa huku ndizo zimewekwa. Kabla yake King Solomon's Mines ya 1950 ilikwenda njia hiyohiyo. Mtu akikumbuka "filamu ya Wazungu, wanyama, ngoma za kweli, wanawake wanaitikia", mimi nafikiria hizo mbili kabla ya Hatari!.

#23 Binti_Kisauni
Nairobi_Sahani hiyo imeniingia. Tena watu wa zamani filamu zote za wanyama walizichanganya, mamangu mpaka leo kila filamu yenye simba kwake ni Born Free.

#24 Sindano_ya_Almasi
Nakubali kwamba ya Mogambo ni nadharia nzito. Tatizo langu ni kwamba mzee anazitaja mbio za kifaru na ngoma zake, na hilo ni tukio la mwanzo kabisa la Hatari!, la kifaru kumjeruhi yule wanayemwita Indian. Ni vigumu kulihamisha kwenye filamu nyingine.

#25 Zeze_la_Ugogo
Mbona hakuna anayesema lililo karibu zaidi? Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma, marimba na nyimbo za makabila mengi, na santuri za kazi zake zilitoka. Kijana wa miaka ya sitini anayependa ngoma, anayetoka kuangalia Hatari! sinema, akakutana na kisanturi cha ngoma za Tanganyika, atakiita nini nyumbani? Atakiita "santuri ya Hatari". Wanawe watakijua kwa jina hilo. Na miaka ikipita jina linabaki, lebo inafifia.

Kwa nadharia hii vyote vinakaa: udogo wa santuri, wanawake wanaoitikia, na ngoma za kweli. Sijaona nadharia nyingine hapa inayoyabeba yote matatu.

#26 Wakili_wa_Mtaa
Isipokuwa kifaru.

#27 Zeze_la_Ugogo
Kifaru kilitoka sinema, kikaingia kwenye santuri kwa njia ya kumbukumbu. Mzee wa Ngarenanyuki ameshasema vitu huungana.

#28 Mzee_wa_Ngarenanyuki
Nilisema, na bado nasema ni Mama Tembo.

#29 Mjukuu_wa_Kawawa_Road
Natoka nje kidogo ya mada, mnisamehe. Kama mnatafuta muziki wa filamu uliopotea, tafuteni wa filamu zetu za Kiswahili za miaka ya hamsini. Muhogo Mchungu, ambayo Rashid Kawawa aliigiza kabla ya kuwa kiongozi wa nchi. Waziri Mkuu wetu alikuwa mwigizaji wa filamu na watu wengi wa umri wangu hawajawahi kusikia hata sauti moja ya kazi ile. Hatari! ina Paramount, ina RCA, ina Intrada. Hizi za kwetu nani anazifukua?

#30 Kipanga_wa_Tanga
Hoja nzito hii, ianzishiwe uzi wake kabla haijamezwa.

#31 Mjukuu_wa_Kawawa_Road
Nitaanzisha wikiendi hii. Mwenye jamaa aliyewahi kufanya kazi kwenye kumbi za zamani, Avalon, Empire, Odeon, aje huko.

#32 Wakili_wa_Mtaa
Turudi kwa mnunuzi wetu, kuna tahadhari. Mtandaoni kuna matoleo mapya mengi ya Hatari! kutoka Ulaya, CD na santuri, ya bei ndogo. Yako kwa sababu ya sheria: rekodi zilizochapishwa kabla ya 1963 zilimaliza miaka yake 50 ya ulinzi Ulaya kabla muda haujaongezwa kufikia 70. Santuri ya RCA ni ya 1962, ikaangukia upande wa huru, na kila mwenye mashine anaichapa. Rekodi ya filamu haikuchapishwa wakati huo, kwa hiyo haimo humo. Ukiona toleo la bei rahisi limeandikwa "muziki halisi wa filamu" huku orodha ya nyimbo ni ileile ya RCA, unanunua mara ya pili kitu ambacho mzee ameshakikataa.

#33 Sindano_ya_Almasi
Wakili amesema la maana kuliko yote kwa mnunuzi. Naongeza: Intrada hawakuishia hapo. Walitoa pia rekodi za filamu za Charade na Breakfast at Tiffany's, maana Mancini aliacha tatizo hilohilo kila alikopita. Yangu ya Hatari! niliipata mkono wa pili, na bei haikuwa ya kirafiki.

Mwana_Momella, niandikie faragha. CD siuzi, lakini nitakusikilizisha kipande cha kifaru na sehemu nyingine mzee azipime mwenyewe.

#34 Mtaka_cha_Uvunguni
Sindano "siuzi" hiyo tumeiona. Hata sisi wengine tungependa kupimwa masikio.

#35 Mwana_Momella
Wakuu, mrejesho. Sindano amenisaidia, Mungu ambariki. Jana jioni nimemkalisha mzee kwenye spika nzuri kama Zeze alivyoagiza. Sikumwambia ni nini.

Kipande cha kifaru kilipoanza alinyoosha mkono niongeze sauti. Kikaisha, akasema, "Ngoma ndizo hizi." Akarudia mara ya pili, akasema ndizo, hana shaka. Nikaweka ya RCA kumjaribu, akaitambua hapohapo na kuikataa tena.

Halafu akauliza, "Na wanawake?" Nikamchezea sehemu nyingine. Hawamo. Nikamwekea tukio la Mama Tembo kutoka kwenye filamu, akatikisa kichwa. Nikamtafutia vipande vya Mogambo, akasema hiyo filamu hajawahi kuiona, na mama akaunga mkono. Anashikilia kwamba ngoma na wanawake vilikuwa kwenye kisanturi kimoja, upande huu na upande ule.

Sasa mnieleze: ngoma zilizotoka kwa mara ya kwanza 2012 alizisikia wapi kwa namna ya kuzitambua hivyo?

#36 Kinanda_Kizee
Alizisikia sinema, mkuu. Filamu ina dakika 157 na inaanza na ngoma hizo watu wakiwa bado wana nguvu. Ukiiona mara mbili tatu unatoka nazo.

#37 Kasuku_wa_Hamburg
Au kwenye matangazo ya filamu. Kumbi zilikuwa zinaonyesha vipande vya filamu ijayo kwa wiki kadhaa kabla.

#38 Nairobi_Sahani
Au mtu alirekodi. Kulikuwa na watu wenye mashine za mikanda miaka ile, wakirekodi redio na hata ndani ya ukumbi. Lakini mkanda si kisanturi, na mama amesema kisanturi.

#39 Zeze_la_Ugogo
"Upande huu na upande ule." Mnasikia? Upande mmoja ngoma, upande mwingine wanawake. Hiyo ni santuri ya ngoma za kienyeji kabisa. Mwana_Momella, muulize mzee wanawake walikuwa wanaimba kwa lugha gani. Swali hilo hakuna aliyemuuliza tangu mwanzo.

#40 Mwana_Momella
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema siyo Kiswahili na siyo Kimeru. Alikuwa anaelewa neno mojamoja, kwa sababu jirani yao wa wakati huo alikuwa Mrangi.

#41 Zeze_la_Ugogo
Kondoa! Jirani zangu hao. Niachie hilo, nina mtu Kondoa mjini mwenye maboksi ya baba yake ambayo hayajafunguliwa. Nitapita huko nikiwa naelekea Babati.

#42 Mtaka_cha_Uvunguni
Nilisema mimi. Lazima kiishie mkoa wa Dodoma.

#43 Sindano_ya_Almasi
Zeze, ukifungua hayo maboksi usifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni laini, futa kufuata mzunguko wa mistari, lebo isiguswe na maji. Na kabla hujaweka sindano tazama kasi: kama ni ya 78, sindano ya LP haifai, utaiharibu sindano na santuri. Piga picha namba zilizochongwa katikati karibu na lebo, pande zote mbili, uziweke hapa.